Oswald Avery, Askari Aliyekiwinda Kichomi

Askari au polisi aliyepata kutolewa damu katika hospitali ya jeshi ya Kanombe, mjini Kigali, au katika hospitali nyingineyo, huenda ameziona katika cheti cha maabara herufi tatu: CRP. Hiyo ni protini itengenezwayo na ini mwili unaposhambuliwa, nayo hupanda katika damu kwa muda wa saa chache. Leo twasimulia maisha ya Dakta Oswald Avery, ambaye maabara yake ndiyo iliyoivumbua.

Avery alizaliwa Halifax, Kanada, mwaka 1877, mwana wa mchungaji wa Kibatisti. Jamaa yake ilihamia New York, na huko kijana akawa mpuliza tarumbeta hodari. Alihitimu udaktari mwaka 1904. Hata hivyo, kuwatazama wagonjwa asioweza kuwaponya kulimtia simanzi, akaelekea maabara. Tangu mwaka 1913 alikuwa katika hospitali ya Taasisi ya Rockefeller, akikiwinda kichomi.

Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, Avery alijiunga na jeshi. Kwa vile hakuwa raia, hakupewa uafisa. Alivaa sare ya askari wa kawaida, asiye na cheo begani, huku akiwafundisha maafisa maradhi ya kifua. Ukapteni aliupata mwaka 1918, baada ya kupata uraia. Kichomi kiliwaua vijana wengi wangali kambini, hawajauona mstari wa mbele. Wasomaji wetu waijuao kambi hawahitaji kuelezwa jinsi maradhi yanavyoenea bwenini.

Mwaka 1930 William Tillett na Thomas Francis, waliofanya kazi katika maabara yake, waliona ajabu. Majimaji ya damu ya mgonjwa wa kichomi, yakichanganywa na sehemu ya kijidudu iliyoitwa C, yalifanya mashapo. Mgonjwa akipona, mashapo hayakuonekana tena. Ndipo ilipotoka herufi C ya jina hilo. Baadaye ilidhihirika kwamba protini hiyo huzuka katika maradhi mengi, hata katika majeraha. Ni kama mlinzi wa lindo apigaye kelele pasipo kumtaja adui.

Mwaka 1941 Avery na Colin MacLeod waliisafisha, na mwaka 1947 Maclyn McCarty akaipata katika hali ya fuwele. Kazi hiyo si ya anasa: maabara isiyo na protini safi ya kulinganishia haiwezi kujua kama kipimo chake chasema kweli.

Watatu hao ndio waliothibitisha mwaka 1944 kwamba DNA ndiyo ibebayo urithi. Avery hakupewa Tuzo ya Nobel, na sisi twaona alidhulumiwa. Alistaafu mwaka 1948, akahamia Nashville karibu na nduguye Roy, akafariki huko Februari 1955.

Miaka 62 baadaye, watafiti wa Kampala walitangaza kuwa CRP yafaa kuwachuja wenye virusi vya UKIMWI ili kubaini washukiwao kuwa na kifua kikuu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliafiki: kwa watu hao, damu ikizidi miligramu 5 kwa lita, mgonjwa apimwe makohozi.