George Mukabi: Mtu mmoja, gitaa moja, bendi nzima

Kabla uchukue deni ununue kinanda cha kupigia shoo za Busia na Malaba, hebu nikuambie kuhusu George Mukabi.

Jamaa alitoka Kisa, kule Butere, si mbali na sisi watu wa mpakani. Miaka ya 1950 hakutegemea spika wala miksa. Alikuwa na gitaa kavu tu. Kidole gumba kilipiga besi, cha shahada kikafuata sauti ya wimbo, na yeye mwenyewe akiimba juu yake. Ngoma? Chupa ya Fanta ikigongwa. Mtindo huo ndio omutibo. Alirekodi Sengula Nakupenda, na mpaka leo wazee wako wanaujua.

Aliuawa 1963, mwaka wa uhuru, bado kijana. Lakini mtindo haukuzikwa naye. Mwanawe, Johnstone Mukabi, alikuja kuupiga vilevile.

Sasa rudi kwa duka la vinanda. Usibabaishwe na mamia ya sauti na taa zinazowaka. Cha vitufe 61 kinatosha harusi. Uliza kama kinakula betri, maana stima ikipotea katikati ya shoo, utajua hujui. Halafu zima ile biti ya mashine. Piga wimbo mzima, mkono wa kushoto besi, wa kulia sauti ya wimbo, vile Mukabi alifanya na vidole viwili.

Ukishindwa, buda, deni ngoja kwanza. Azima cha kanisa, fanya mazoezi.