Bob Marshall: Aliyetaka pori la Alaska libaki bila barabara

Kaskazini kabisa mwa jimbo la Alaska, nchini Marekani, kuna hifadhi ya taifa isiyo na barabara wala njia za miguu zilizotengenezwa kwa ajili ya wageni. Inaitwa Gates of the Arctic, yaani Malango ya Aktiki. Ukubwa wake ni takriban kilomita za mraba 34,000, zaidi ya mara mbili ya Serengeti. Wageni wengi hufika kwa ndege ndogo, kisha hutembea kwa siku kadhaa huku wamebeba hema na chakula chao mgongoni.

Jina hilo lilitolewa na mtaalamu wa misitu Robert Marshall, maarufu kama Bob. Alifariki zaidi ya miaka 80 iliyopita, lakini swali alilohangaika nalo bado lipo: pori ni la nani?

Kijana wa mjini aliyependa milima

Marshall alizaliwa jijini New York tarehe 2 Januari 1901. Baba yake, Louis Marshall, alikuwa wakili mashuhuri aliyetetea haki za Wayahudi na za watu wengine waliobaguliwa, na pia alipigania kulindwa kwa misitu ya milima ya Adirondack. Familia ilikuwa na nyumba ya mapumziko huko, kando ya ziwa.

Mwaka 1918 Bob, mdogo wake George na mwongoza njia wao, Herb Clark, walianza kupanda vilele vikubwa vya Adirondack. Kufikia mwaka 1925 walikuwa wamevipanda vyote 46. Bob alikuwa mtembeaji wa ajabu, aliyeweza kumaliza zaidi ya kilomita 50 kwa siku moja.

Alisomea misitu, na mwaka 1930 akapata shahada ya uzamivu katika fiziolojia ya mimea.

Mwaka mmoja Wiseman

Mwaka 1929 alikwenda Alaska kwa mara ya kwanza. Wakati huo sehemu kubwa ya safu ya milima ya Brooks ilikuwa bado haijachorwa kwenye ramani. Akifuata mto Koyukuk, tawi la kaskazini, aliona milima miwili inayotazamana, mmoja kila upande wa mto, mithili ya nguzo za lango. Hapo ndipo lilipotoka jina la Malango ya Aktiki.

Mwaka uliofuata alirudi na kuishi zaidi ya mwaka mmoja Wiseman, kijiji kidogo kilicho karibu kilomita 100 kaskazini mwa Mzingo wa Aktiki. Aliishi na wachimba dhahabu na Wainupiat, wenyeji wa eneo hilo, akiandika jinsi walivyofanya kazi, walivyocheza dansi na walivyozungumza. Kitabu chake kuhusu maisha hayo, Arctic Village, kilitoka mwaka 1933 na kuuzwa sana. Sehemu ya mapato yake aliwagawia wanakijiji.

Hoja yake na kasoro yake

Marshall aliamini kwamba binadamu anahitaji mahali pa kutembea siku nyingi bila kusikia mlio wa injini, na kwamba barabara moja inatosha kupoteza mahali hapo. Mwaka 1935 yeye na wenzake saba waliasisi jumuiya ya kutetea mapori, The Wilderness Society, na fedha nyingi za kuiendesha zilitoka mfukoni mwake. Mwaka 1938 aliishauri serikali isigharimie barabara karibu katika eneo lote la Alaska lililo kaskazini mwa mto Yukon.

Hata hivyo, hakutaka pori liwe la matajiri. Alipokuwa msimamizi wa burudani katika idara ya misitu ya taifa kuanzia mwaka 1937, alisukuma watu wa kipato cha chini wawekewe sehemu za mapumziko, na alipinga ubaguzi wa rangi katika misitu ya umma.

Lakini mwaka huohuo, kutokana na kazi yake katika idara ya masuala ya wenyeji wa Marekani, maeneo 16 ndani ya ardhi zao yalitangazwa kuwa yasiyojengwa barabara, na wenyewe hawakuulizwa. Mengi ya maeneo hayo yalifutiwa hadhi hiyo baadaye. Mtetezi wa wanyonge alikuwa ameamua kwa niaba ya watu ambao ardhi ilikuwa yao.

Baada yake

Marshall alifariki ndani ya treni ya usiku kutoka Washington kwenda New York, tarehe 11 Novemba 1939, akiwa na umri wa miaka 38. Kwa wosia, sehemu ya mali yake iliachwa iendeleze utetezi wa mapori. Mwaka 1964 Marekani ilipitisha sheria iliyolinda ekari milioni 9.1 mara moja, na mwaka 1980 Gates of the Arctic ikawa hifadhi ya taifa.

Sheria ya 1980 iliwaruhusu wakazi wa vijijini kuendelea kuwinda na kuvua kwa ajili ya chakula. Ndani ya mipaka ya hifadhi kipo kijiji cha Anaktuvuk Pass, makao ya Wanunamiut, ambao mababu zao walifuata makundi ya karibuu katika mabonde hayo muda mrefu kabla ya Marshall kufika. Kwao, eneo ambalo mgeni huliita pori ni nyumbani.