Archimedes: Mgunduzi wa kanuni ya kuelea aliyeuawa vitani

Puto la watalii linapopaa alfajiri katika mbuga za Serengeti, jirani na kijiji cha Robanda mkoani Mara, hutii kanuni iliyoandikwa zaidi ya miaka 2,200 iliyopita: kitu husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji, au hewa, kilichoisukuma kando.

Mwenye kanuni hiyo, Archimedes, alizaliwa yapata mwaka 287 Kabla ya Kristo mjini Syracuse, kisiwani Sicily. Baba yake, Phidias, alikuwa mtaalamu wa nyota. Kisa cha kukimbia uchi kutoka bafuni kiliandikwa na Vitruvius karibu karne mbili baada ya kifo chake, hivyo kina walakini. Kitabu chake kuhusu vitu vinavyoelea hakina shaka; nakala yake ya Kigiriki ilitambuliwa mwaka 1906 mjini Constantinople, ikiwa imefutwa na kuandikwa sala juu yake.

Warumi walipouzingira mji wake, mzee huyo alibuni mitambo ya kurusha mawe iliyowatia hofu. Mji ulitekwa mwaka 212. Jemadari Marcellus aliagiza Archimedes asidhuriwe, lakini askari mmoja alimuua. Mwaka 75 Kabla ya Kristo, Cicero alilikuta kaburi lake limemezwa na miiba, wenyeji wakiwa wamekwisha kulisahau.