Emmy Noether: Aliyehutubia wanahisabati wa dunia bila kiti cha uprofesa

SEPTEMBA 1932, wanahisabati kutoka mataifa mbalimbali walikusanyika mjini Zürich, Uswisi, kuhudhuria Mkutano Mkuu wa Kimataifa wa Wanahisabati. Miongoni mwa wasomi walioteuliwa kutoa mihadhara mikuu, ile inayosikilizwa na wajumbe wote kwa pamoja, alikuwamo mwanamke mmoja tu. Huyo alikuwa Emmy Noether kutoka Ujerumani.

Hakuna mwanamke aliyekuwa amepewa heshima hiyo tangu mikutano hiyo ilipoanza katika mji huo huo mwaka 1897. Wakati huo Noether alikuwa na umri wa miaka 50, na jina lake lilikwishavuma kila mahali ambako aljebra ilifundishwa. Hata hivyo, nyumbani kwao hakuwa na kiti kamili cha uprofesa, na malipo yake yalikuwa posho ndogo ya kufundishia.

Noether alizaliwa Machi 23, 1882 katika mji wa Erlangen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake, Max Noether, alikuwa profesa wa hisabati katika chuo kikuu cha mji huo. Binti huyo hakuanza na hisabati. Mwaka 1900 alifaulu mtihani wa kumruhusu kufundisha Kiingereza na Kifaransa katika shule za wasichana, kazi iliyohesabiwa kuwa ya heshima kwa mwanamke wa zama hizo.

Badala ya kwenda shuleni kufundisha, aliamua kuhudhuria mihadhara ya chuo kikuu. Sheria haikumruhusu kusajiliwa kama mwanafunzi kamili, hivyo ilimlazimu kuomba ridhaa ya mhadhiri mmoja mmoja ili aketi darasani na kusikiliza. Ni mwaka 1904 tu ndipo chuo cha Erlangen kilipompokea rasmi, na mwaka 1907 alihitimu shahada ya uzamivu chini ya usimamizi wa Paul Gordan.

Kuanzia mwaka 1908 hadi 1915 alifanya kazi katika chuo hicho bila kulipwa hata senti moja. Alimsaidia baba yake aliyekuwa na afya dhaifu, akaandika makala za kitaaluma, na akaanza kwenda kwenye mikutano ya wanahisabati. Mwaka 1909 alizungumza mjini Salzburg, Austria, katika mkutano wa mwaka wa Chama cha Wanahisabati wa Ujerumani.

Mwaka 1915 magwiji wawili, David Hilbert na Felix Klein, walimwita Göttingen, chuo kilichokuwa kitovu cha hisabati duniani. Walihitaji ujuzi wake katika maswali yaliyozuka kutokana na nadharia mpya ya Albert Einstein kuhusu mvutano wa vitu.

Walipopendekeza apewe kibali cha kufundisha, baadhi ya maprofesa wa kitivo walipinga vikali. Hoja yao ilikuwa kwamba wanajeshi wakirudi kutoka vitani hawatakubali kufundishwa na mwanamke. Hilbert naye alishikilia kwamba jinsi ya mtu haiwezi kuwa kigezo cha kumnyima nafasi chuoni. Kwa muda wa miaka kadhaa, mihadhara ya Noether ilitangazwa kwa jina la Hilbert, huku mwenyewe akitajwa kama msaidizi.

Katika hali hiyo ndipo alipothibitisha, mwaka 1918, kanuni inayobeba jina lake hadi leo. Kanuni hiyo huunganisha ulinganifu wa sheria za maumbile na vitu visivyopotea. Kwa mfano, kwa kuwa sheria za fizikia za leo ni zile zile za jana, nishati haipotei bali hubadilika umbo tu. Wanafizikia wanaitegemea kanuni hiyo katika nadharia zao nyingi.

Kibali cha kufundisha kwa jina lake mwenyewe alikipata mwaka 1919, baada ya vita kwisha na serikali ya kifalme kuanguka. Mwaka 1922 alipewa cheo cha profesa asiye mtumishi wa serikali, cheo kisichokuwa na mshahara. Posho ya kufundisha aljebra ilianza kutolewa mwaka uliofuata.

Kazi iliyompeleka Zürich ilihusu tawi linaloitwa nadharia ya uwakilishi. Mraba ukizungushwa robo mzunguko huonekana vile vile, na ukiendelea kuzungushwa mara mbili, tatu au nne, sura yake haibadiliki. Mizunguko hiyo minne ndiyo wanahisabati huiita kundi, kwa kuwa mzunguko mmoja ukifuatwa na mwingine huzaa tena mmoja wa hiyo minne.

Nadharia ya uwakilishi hubadili kila tendo la kundi kuwa matriksi, yaani jedwali la namba, ili maswali magumu kuhusu kundi yajibiwe kwa kuzidisha majedwali. Msingi wake uliwekwa na Georg Frobenius mwaka 1896. Katika njia hiyo ya awali, hesabu zilikuwa ndefu na sababu za majibu hazikuonekana kwa urahisi.

Noether alikuja na njia nyingine. Alichukua kundi zima pamoja na namba, akavifanya kuwa mfumo mmoja wa aljebra, ambamo A mara B si lazima iwe sawa na B mara A. Kisha akaonyesha kwamba mfumo huo ukichanguliwa katika sehemu zake ndogo kabisa, sehemu hizo ndizo zinazoeleza uwakilishi wote wa kundi. Mawazo hayo aliyagusia katika mkutano mkuu wa mwaka 1928 mjini Bologna, Italia, na kuyachapisha kwa ukamilifu mwaka 1929.

Mjini Zürich alikwenda mbele zaidi. Alieleza jinsi mifumo hiyo inavyoweza kutumika kutatua maswali kuhusu namba za kawaida, ambazo mpangilio wa kuzidisha haubadili jibu. Mwaka huo huo yeye, Richard Brauer na Helmut Hasse walikuwa wamechapisha kanuni kubwa iliyotokana na fikra hizo.

Heshima ya Zürich haikudumu. Adolf Hitler alichukua madaraka Januari 1933, na Aprili mwaka huo ikapitishwa sheria ya kuwaondoa Wayahudi katika utumishi wa umma. Noether, aliyekuwa Myahudi, alikuwa miongoni mwa wasomi wa kwanza wa Göttingen kusimamishwa kazi. Aliendelea kuwafundisha wanafunzi wake nyumbani kwake, hata yule aliyefika akiwa amevaa sare ya wanamgambo wa chama cha Hitler.

Mwishoni mwa mwaka 1933 alihamia Marekani, katika Chuo cha Bryn Mawr cha wanawake, karibu na Philadelphia, kwa msaada wa fedha za Taasisi ya Rockefeller. Mwaka uliofuata alianza pia kutoa mihadhara Princeton. Mdogo wake Fritz, naye mwanahisabati, alikimbilia Urusi ya Kisovieti, ambako alikamatwa mwaka 1937 na kuuawa mwaka 1941.

Emmy Noether alifariki dunia Aprili 14, 1935, siku chache baada ya kufanyiwa upasuaji, akiwa na umri wa miaka 53. Einstein aliandika barua ya kumlilia katika gazeti la The New York Times, na Hermann Weyl akatoa hotuba ya kumbukumbu chuoni Bryn Mawr.

Mafundisho yake yalienea kupitia kwa wanafunzi wake, hasa B. L. van der Waerden, ambaye kitabu chake cha aljebra cha mwaka 1930 na 1931 kilitokana kwa sehemu kubwa na mihadhara ya Noether na ya Emil Artin. Mwanafunzi yeyote wa chuo kikuu anayesoma aljebra leo, awe Dar es Salaam, Nairobi au Berlin, hukutana na jina lake.

Mlango alioufungua Zürich, hata hivyo, ulichukua muda mrefu kupitiwa tena. Mwanamke wa pili kutoa mhadhara mkuu katika mkutano huo alikuwa Karen Uhlenbeck wa Marekani, mjini Kyoto, Japani, mwaka 1990. Ilikuwa imepita miaka 58.