Luigi Broglio, mhandisi aliyerusha 'Uhuru' kutoka bahari ya Kenya

Wafugaji wa Sericho, Kaunti ya Isiolo, waliyazoea kwa miaka mingi mawe mazito yaliyotapakaa malishoni mwao kabla ya wataalamu kuthibitisha, baada ya 2016, kwamba ni vimondo vilivyoanguka kutoka angani. Safari ya kinyume, ya kutoka Kenya kwenda angani, ilianza mapema zaidi, na aliyeianzisha ni mhandisi Mwitaliano, Luigi Broglio.

Broglio alizaliwa Mestre, karibu na Venice, mnamo 1911. Shahada aliyopata katika Chuo Kikuu cha Sapienza, Roma, mwaka wa 1934, ilikuwa ya uhandisi wa ujenzi. Baadaye aliingia kikosi cha wahandisi wa Jeshi la Anga, na kufikia 1952 alikuwa mkuu wa shule ya uhandisi wa anga chuoni humo. Yeye mwenyewe hakupata kuwa mwanaanga. Enzi hizo nafasi hizo zilikuwa mikononi mwa mataifa mawili tu.

Swali lake kubwa lilikuwa mahali pa kurushia. Kwenye ikweta dunia huzunguka kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekezwa mashariki hupata msukumo huo bure. Sericho iko jirani na mstari huo upande wa kaskazini. Ghuba ya Ngwana, karibu na Malindi, iko kusini yake, na mbele yake ni bahari tupu ambamo mabaki ya roketi hayatamdhuru mtu. Broglio akachagua Ngwana.

Vijana wake walijifunza kazi Marekani, wakarusha San Marco 1 kutoka huko Desemba 15, 1964. Kisha majukwaa mawili, mojawapo lililowahi kuchimbia mafuta, yakasimamishwa baharini kwa miguu ya chuma. Aprili 26, 1967, San Marco 2 iliruka kutoka hapo ikiwa na kifaa alichobuni Broglio mwenyewe, cha kupima hewa nyembamba ya juu.

Desemba 12, 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala, setilaiti ya Marekani iliyorushwa hapo ilipewa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengewa uchunguzi wa mionzi ya eksirei kutoka angani, na ikaorodhesha vyanzo zaidi ya 300. Heshima hiyo si haba, ingawa jina lilikuwa letu na waliosimamia mitambo walikuwa wageni.

Broglio alifariki Januari 2001, na kituo hicho sasa kina jina lake. Mwaka wa 2018 setilaiti ndogo ya kwanza ya Kenya, iliyoundwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na Sapienza, ilifika angani. Ilibebwa na roketi kutoka Marekani. Majukwaa ya Ngwana hayajarusha setilaiti tangu 1988.