Watoto Wawili Waliomtafuta Baba

Jumapili tulisikia kwamba mzazi anaweza kulala nyumbani kila siku na bado watoto wake wasiwe naye. Wiki hii tuangalie maisha ya mtu ambaye wengi wetu tulimsoma shuleni: David Livingstone.

Alizaliwa Scotland mwaka wa 1813, katika familia maskini. Akiwa na miaka 10 tu alikuwa kibarua katika kiwanda cha pamba, na usiku anasoma. Akawa daktari na mmishenari, akafika Afrika Kusini mwaka wa 1841. Mwaka wa 1845 alimwoa Mary, binti ya mmishenari Robert Moffat. Mungu akawapa watoto.

Livingstone hakuwa mvivu. Mchana kutwa alijenga, alitibu wagonjwa, alifundisha na kuhubiri. Jioni alikuwa amechoka kabisa. Watoto wangetaka kucheza naye, lakini nguvu zimeisha. Pengine alijiambia vile sisi hujiambia: kesho itapatikana.

Mwaka wa 1852, pale Cape Town, alimpandisha Mary na watoto wanne kwenye meli waende Uingereza, yeye akarudi bara. Walionana tena baada ya miaka zaidi ya minne. Anna Mary, kitinda mimba wao, alizaliwa 1858 baba akiwa safarini, na alikuwa na miaka 5 alipomwona baba yake mara ya kwanza. Mama yao alikuwa ameshafariki mwaka wa 1862, kando ya mto Zambezi.

Sasa sikia habari ya wana wawili. Robert, mzaliwa wa kwanza, alisafiri mpaka Afrika Kusini ili amfikie baba. Njia ikashindikana. Akavuka bahari kwenda Marekani, akaingia jeshini kwa jina lisilo lake, akatekwa vitani. Alifia kifungoni mwaka wa 1864, akiwa na miaka 18. Mwana mwingine, Oswell, alikuja Zanzibar mwaka wa 1872 na msafara wa kumtafuta baba. Stanley alipotoka bara na habari kwamba mzee yuko hai na amepata mahitaji, msafara ule ukavunjika. Oswell akarudi Uingereza bila kumwona.

Mwaka uliofuata, Mei 1873, Livingstone alikutwa amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda, katika kijiji cha Chitambo. Chuma na Susi ndio waliouongoza msafara ulioubeba mwili wake hadi Bagamoyo.

Wapendwa, hatumhukumu mtumishi wa Mungu. Alipaza sauti dhidi ya biashara ya watumwa, na wiki chache tu baada ya kifo chake soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa. Lakini yeye mwenyewe aliandika kwamba alikuwa na jambo moja la kujutia: hakucheza vya kutosha na watoto wake walipokuwa wadogo, na alipokumbuka, hakuwa tena na mtoto wa kucheza naye.

Sisi hapa Kimana hatujapanda meli. Lakini kuna zamu ya maji usiku shambani, nyanya zinangoja lori, dalali anapiga simu, halafu kuna kesha na mazoezi ya kwaya. Hizo zote ni kazi halali. Shida ni pale mtoto anakuonyesha daftari lake na wewe unaitikia tu "mm" huku macho yako kwa simu. Huyo mtoto naye anamtafuta baba. Anamtafuta mama. Na uko hapo hapo kwa kiti!

Kumbukumbu la Torati 6:7 inatuagiza kuwafundisha watoto Neno tukiketi nyumbani, tukitembea njiani, tukilala na tukiamka. Hayo mambo manne hayahitaji pesa. Yanahitaji mzazi aliyepo.

Wiki hii, chagua jioni moja. Zima simu, kula na watoto, waulize siku yao ilikuwaje, na usikimbilie kuwakosoa. Kisha ombeni pamoja, mtoto aanze.

Tuombe: Baba wa mbinguni, wewe hujawahi kutuambia tungoje kesho. Turudishie mioyo yetu nyumbani, watoto wetu wakitutafuta watupate. Katika jina la Yesu, Amina.