Gama wa mieleka si yule wa Kilwa

Nataka kutoa yangu machache kuhusu mchezo wa mieleka. Hapa kwetu Kilwa Kivinje, na nadhani hata Kilwa Masoko na Lindi mjini, vijana wanapenda sana kutazama mieleka ya kulipwa ya Marekani katika mabanda ya video. Wakitoka humo hubwagana mchangani ufukweni, na ubishi wa nani mbabe wa dunia huwa hauishi. Katika ubishi huo nimekuwa nikilitaja jina la Gama, na kila nikilitaja najibiwa kwamba huyo alikuwa Mreno mwenye merikebu, si mpiga mieleka.

Vijana hawana makosa. Hapa Kilwa jina hilo lina historia yake. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika Kilwa Kisiwani na merikebu zenye mizinga, akamtisha mtawala wa mji, Amiri Ibrahimu, mpaka akakubali kumlipa mfalme wa Ureno kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ilitengenezewa chombo cha ibada kilichokamilika mwaka 1506, na mpaka leo kimo katika jumba la makumbusho mjini Lisbon. Huyo ndiye Gama tunayefundishwa shuleni. Mimi nataka kueleza habari za Gama mwingine, ambaye naona anastahili kujulikana zaidi na vijana wetu.

Gama huyu jina lake aliitwa Ghulam Muhammad Baksh. Alizaliwa mwaka 1878 karibu na mji wa Amritsar katika jimbo la Punjab, wakati Bara Hindi likitawaliwa na Waingereza. Baba yake alikuwa mpiga mieleka, lakini alifariki mtoto akiwa bado mdogo sana, naye akalelewa na babu yake mzaa mama, kisha na mjomba wake. Wote hao walikuwa watu wa mchezo huo huo. Mieleka ya kwao huchezwa katika uwanja wa udongo uliolainishwa, hakuna ngumi wala mateke, na anayelazwa chali ndiye aliyeshindwa. Maharaja wa kule walikuwa wakiwaweka mabingwa katika majumba yao, wakiwapa chakula na posho.

Mwaka 1888, Gama akiwa na umri wa miaka 10 tu, mtawala wa Jodhpur aliandaa mashindano ya kuchuchumaa na kuinuka. Walifika wanaume zaidi ya 400. Mmoja mmoja walichoka wakatoka, hata wakabaki 15, na mtoto huyo alikuwa miongoni mwao. Mtawala akampa yeye ushindi kwa ajili ya umri wake. Baada ya hapo alichukuliwa na maharaja wa Datia akafundishwa vizuri. Inasimuliwa kwamba alipokuwa mtu mzima alikuwa akichuchumaa na kuinuka mara 5,000 kwa siku, na kupiga pushapu 3,000. Huko Baroda liko jiwe kubwa ambalo maandishi yake yanasema Gama alilinyanyua mwaka 1902. Uzito wake unatajwa kupita kilo 1,000. Hilo la jiwe sitaki kulibishania, maana hadithi za watu wenye nguvu hunenepa kila zinaposimuliwa. Mambo yake ya uwanjani yanatosha.

Mwaka 1895, akiwa kijana wa miaka 17, alikabiliana na bingwa wa Bara Hindi, Raheem Baksh Sultaniwala. Raheem alikuwa pandikizi la mtu, futi 7 kasoro kidogo, na Gama hakuzidi futi 5 na inchi 8. Watu walidhani mchezo utakwisha mara moja. Walishikana kwa muda mrefu, Gama akatokwa na damu, lakini hakulala chali. Wakatoka sare. Mdharau mwiba mguu huota tende, na tangu siku hiyo hakuna aliyemdharau Gama katika nchi yao.

Huko Ulaya, hata hivyo, alidharauliwa. Mwaka 1910 alikwenda London pamoja na mdogo wake, Imam Baksh, naye mpiga mieleka hodari. Wenye mashindano walimwona mfupi wakakataa kumwandikisha. Ndipo Gama akatangaza kwamba yuko tayari kuwabwaga wapiga mieleka watatu wa uzito wowote katika muda wa nusu saa. Wengi walidhani ni maneno ya kujitangaza tu. Aliyejitokeza alikuwa daktari mmoja Mmarekani, Benjamin Roller. Gama alimbwaga mara ya kwanza kabla dakika 2 hazijatimia, akambwaga tena baada ya dakika kama 9. Hapo mlango ukafunguka.

Tarehe 10 Septemba, 1910, alipambana na Stanislaus Zbyszko wa Poland, mtu aliyemzidi uzito kwa zaidi ya kilo 20. Zawadi ilikuwa paundi 250 na mkanda wa ubingwa. Mara tu mchezo ulipoanza Gama alimwangusha, na Zbyszko alipoona hatari akajilaza kifudifudi, akaganda hapo hapo kama pweza mwambani. Alikaa hivyo muda mwingi wa saa mbili na nusu za mchezo. Ikabidi waahirishe mpaka tarehe 17. Siku hiyo ilipofika Gama alikuja lakini Zbyszko hakutokea, na mkanda akapewa Gama. Mabingwa wengine wakubwa wa wakati ule, akiwamo Frank Gotch wa Marekani, aliwaita wakabiliane naye. Hawakuja.

Ndugu wasomaji watakumbuka kwamba ulikuwa mwaka ule ule wa 1910, mwezi wa Julai, ambapo mpiga ngumi mweusi Jack Johnson alimshinda mzungu James Jeffries huko Marekani, na filamu ya pambano lile ikapigwa marufuku katika sehemu nyingi. Enzi za ukoloni, kumwona mtawaliwa akimlaza chali mtawala halikuwa jambo dogo. Kwa hiyo watu wa Bara Hindi walimpokea Gama nyumbani kama shujaa. Aliporudi alimshinda Raheem mjini Allahabad, akawa bingwa wa nchi nzima. Zbyszko naye alikubali kukutana naye tena mwaka 1928 mjini Patiala. Wote wawili walikuwa wanakaribia umri wa miaka 50. Safari hii alibwagwa kabla dakika moja haijakwisha.

Mpaka hapo vijana wa barazani hunisikiliza vizuri. Nikifika mwaka 1947 ndipo wengine huanza kuondoka, na ndipo penyewe hasa.

Mwaka huo Waingereza walipoondoka, Bara Hindi liligawanywa kuwa India na Pakistan. Watu waliokuwa majirani kwa karne nyingi wakaanza kuchinjana kwa sababu ya dini, na wengi mno walipoteza maisha. Gama alikuwa Mwislamu na alikuwa akiishi Lahore, upande wa Pakistan, katika mtaa wenye Wahindu wengi. Masimulizi ya Lahore yanaeleza kwamba kundi la watu lilipokuja kuwavamia majirani zake, Gama, akiwa na umri wa miaka karibu 70, alisimama mbele pamoja na wapiga mieleka wenzake akawazuia. Mtaa wake ukanusurika. Hali ilipozidi kuwa mbaya, Wahindu hao walipolazimika kuhama, aliwasindikiza mpaka mpakani akiwapa chakula cha njiani kwa gharama yake mwenyewe.

Uzee wa Gama ulikuwa wa taabu. Maharaja waliokuwa wakiwalisha wapiga mieleka hawakuwa na mamlaka tena, naye akaugua kwa muda mrefu huku mfuko ukiwa mtupu. Wahenga husema fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini kwa Gama fimbo iliyosaidia ilitoka mbali. Tajiri mmoja Mhindu wa India, G. D. Birla, aliyekuwa mpenzi wa mieleka, alimpelekea rupia 2,000 na kumwekea posho ya rupia 300 kila mwezi. Gama alifariki mjini Lahore tarehe 23 Mei, 1960. Katika maisha yake ya uwanjani ya miaka karibu 50, hakuna aliyewahi kumlaza chali.

Ndugu Mhariri, mji wetu wa Kivinje ulijengwa na watu wa kila namna: Wamatumbi, Wayao, Wangindo, Waarabu, Wahindi na wengineo. Magofu ya nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi bado yanaonekana mpaka leo. Ndiyo sababu nasema vijana wetu wanaonyanyua vyuma vya makopo ya saruji wawapime akina Gama hawa wawili. Mmoja alikuja na mizinga akachukua dhahabu ya watu. Wa pili alikuwa na mikono yake tu, na alipozeeka aliitumia kuwakinga jirani zake wasiokuwa wa dini yake. Mimi nadhani pambano kubwa kuliko yote aliyoshinda ni lile la mtaani kwake, ambalo halikuwa na mwamuzi wala mkanda.

Mwisho napenda kutoa wito kwa wanaosimamia michezo kuanzia wilayani hadi taifani. Tunao wazee waliotutoa kimasomaso katika ngumi, riadha na kandanda. Tuwatazame wangali hai, tusingoje tajiri wa nchi nyingine atukumbushe.

Msomaji wako wa siku nyingi,
Kilwa Kivinje.